Rael wa Faili na Teke la Ng'ombe

Inatangazwa kwa wakaaji wote wa Eldoret, kuanzia Huruma hadi Kapseret, wenye miguu miwili na wenye mmoja, kwamba Rael Jebet, karani wa kumbukumbu za hospitali, ameokoa mguu wa mtu bila kushika kisu, bila kuvaa koti jeupe, na bila kuinuka kwenye kiti chake isipokuwa mara tatu. Mara ya kwanza alitafuta faili. Mara ya pili alitafuta miwani ya kuisomea hiyo faili. Mara ya tatu tutaifikia. Wanaopenda kupiga ngoma na wapige.

Tangazo hilo lilitungwa na mwenye mguu, Murunga, fundi wa kuchomelea mageti pale Huruma, akiwa chali kwenye wodi ya wanaume. Ukishangaa karani alifanya nini mpaka akatungiwa maneno ya kutungiwa magavana, itabidi turudi kwenye mfupa.

Mfupa wenyewe ni wa muundi wa kushoto. Uliumia Januari ya 2008, zile wiki za ghasia baada ya uchaguzi, wakati mji ulinuka moshi na watu waliulizana majina kabla ya kusalimiana. Jeraha lilifunga. Mvua za Aprili zilipokuja likafunguka, likatoa usaha, likafunga tena. Likaendelea hivyo miaka minne, linafungua na kufunga kama duka la mlevi. Murunga hakulalamika sana, maana kovu lile lilimfaa. Huruma nzima ilijua kwamba alikatwa panga kwenye kizuizi cha barabara, akipambana na vijana wanane ili watoto wake wapite. Mwaka wa kwanza vijana walikuwa watatu, lakini miaka ile kila kitu kilipanda. Na shujaa hanunui chai. Hununuliwa.

Aprili ya 2012 mguu ulifura ukawa kama gogo, homa ikampanda, akafikishwa hospitali akiongea na marehemu babu yake. Daktari akapeleka usaha maabara, akarudi na jina.

"Huyu bakteria anaitwa stafilokokasi," alisema. "Anakaa kwa ngozi ya kila mtu bila shida, lakini wako amehamia kwa mfupa, amejenga nyumba. Tumemkwangua. Kilichobaki ni sindano za mshipa, wiki sita bila kukosa hata siku moja. Ukikosa, tutaongea mambo ya hapa." Akachora mstari kwa kidole chini ya goti, kama fundi anayepima ubao.

Murunga alikuwa na bima ya chama cha mafundi wa jua kali. Siku ya tano bima ikajibu kwa barua fupi: faili yasema mgonjwa alijeruhiwa katika ghasia, na majeraha ya ghasia hayalipiwi. Ukiona umeonewa, kata rufaa kwa siku saba. Mkewe akauza mashine ya kukatia vyuma, zikapatikana sindano za wiki moja. Wiki hiyo ndiyo iliyobaki kati ya Murunga na msumeno.

Ndipo Rael alipoinuka mara ya tatu. Alipanda ngazi kutoka stoo ya faili mpaka wodini, jambo ambalo makarani hawafanyi. Mwanamke mwembamba wa Kapseret, sweta ya kijani amefunga vifungo kwa kuruka kimoja, alikuwa anakama ng'ombe wanne kabla ya kuja kazini, na mpaka saa nne asubuhi bado alinukia maziwa. Kazi yake ilikuwa kusoma daktari ameandika nini na kuubadilisha ugonjwa kuwa herufi na namba, kwa sababu bima haisomi kilio cha mtu. Inasoma namba. Homa ina yake, mfupa una yake, kuanguka mtini pia kuna yake. Rael alizijua kichwani vile watu wa kwaya wanavyojua nyimbo.

"Mzee Murunga. Mguu unaendeleaje?"

"Bado uko, mama. Tunashukuru."

"Ulikatwa na nini?"

"Panga. Vijana wa—"

"Wanane," alidakia Shitanda, mgonjwa wa kitanda cha pili, aliyekuwa ameshaisikia hadithi mara tano. "Endelea, mzee, hapo ndipo patamu."

Rael hakuketi. "Faili ya 2008 imepigwa muhuri wa X99. Maana yake mtu ameshambuliwa kwa kitu chenye makali. Bima iliona huo, ikafunga kitabu. Sasa, huo muhuri ni wangu. Nililala stoo siku kumi na moja Januari ile. Watu waliletwa haraka kuliko kalamu. Nikachonga muhuri kwa soli ya ndara, kila aliyeingia akitoka damu nikampiga. Nilifikiri nasaidia."

"Ulisaidia, mama."

"Jana nimesoma chini ya muhuri. Daktari wa zamu alikuwa ameandika neno moja." Aliinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha. "Ameandika: ng'ombe."

Shitanda aliacha kutafuna.

"Ng'ombe wa nani?" aliuliza, kwa furaha ya mtu ambaye siku yake imetengenezeka.

Murunga alitazama dari. Rael aliendelea kwa sauti ileile ya kusoma orodha. "Ng'ombe ana namba. W55, kupigwa na mnyama. Bima hailipi vita, lakini ng'ombe inalipa. Ila sasa faili ina mambo mawili yanayopingana. Wanataka uandike mwenyewe kilichotokea, utie sahihi, na shahidi atie. Mimi nitaandika kwamba muhuri ulikuwa makosa yangu."

"Hawatakufuta kazi?"

"Labda."

Alisema hivyo tu, kama mtu aliyeulizwa kama mvua itanyesha. Murunga akautazama mguu. Halafu, kwa macho ya moyo, akawaona wale vijana wanane wamejipanga mlangoni na mapanga yao, watiifu, vijana waliomnywesha chai ya bure miaka minne. Karani ambaye hata hawajuani anaweka kazi yake mezani, na yeye bado anahesabu vikombe? Akawaaga mmoja mmoja.

"Andika," alisema.

Wakati ule Murunga na familia yake walikuwa wamekimbilia uwanja wa maonyesho, maelfu ya watu chini ya turubai. Mtoto wake wa mwisho alikuwa na miezi mitatu, na maziwa ya mama yalikauka kwa hofu. Wengine walikuwa wamekimbia na ng'ombe wao. Asubuhi ya nne, kabla watu hawajaamka, Murunga alichukua kikombe na ndoo, akanyatia ng'ombe mmoja mweusi na mweupe wa mtu.

"Uliingia upande gani?" aliuliza Rael.

"Upande?"

"Wa ng'ombe."

"Kushoto."

Kwa mara ya kwanza Rael aliinua macho. "Ng'ombe anakamwa kulia, mzee."

"Mimi ni mtu wa kuchomelea, mama! Geti halina upande!"

Shitanda alicheka mpaka mshono wake wa ngiri ukamkemea. Nesi alikuja mbio akidhani kuna mtu anakata roho.

Ilibaki shahidi, na shahidi hakuwa mwingine ila mwenye ng'ombe: Mama Wacera, muuza sukuma wiki wa Huruma, jirani ambaye Murunga alimsalimu kila siku kwa adabu isiyo ya kawaida. Mkewe alimwita. Alikuja siku ya tano ya zile saba, akasimama kando ya kitanda, akasoma karatasi polepole.

"Kumbe ni wewe!"

"Kikombe kimoja tu, Mama."

"Kikombe! Ndoo nzima ilimwagika! Na mimi nimekosana na shemeji yangu miaka minne, simsalimii hata matangani, nikijua ni yeye!"

Murunga aliona mguu wake ukitoka mlangoni peke yake, bila yeye. Mama Wacera akakunja karatasi mara mbili.

"Huyo mtoto, alikunywa?"

"Yaliyobaki kwa kikombe, Mama. Alikunywa yote, akalala."

"Yuko wapi sasa?"

"Ameanza nasari. Anapigana na kila mtu."

Mama Wacera alikunjua karatasi, akaomba kalamu. "Basi ongeza hapo: ng'ombe alikuwa wangu, teke lilikuwa lake, na maziwa nimempa mtoto." Rael akamwambia bima haina nafasi ya mambo ya maziwa. "Andika hata kando," alisema Mama Wacera, na Rael, ambaye hajawahi kuandika kando maisha yake yote, akaandika.

Jioni hiyohiyo Rael alipanga upya madai: mfupa uliooza kwanza, kwa sababu ndio unaotibiwa, bakteria na namba yake pekee, kama maabara ilivyomtaja, ng'ombe mwisho. Siku ya saba, sindano ya mwisho ikiwa tayari mshipani, jibu la bima likaja: tutalipa. Siku hiyohiyo Rael alipewa barua yake mwenyewe, ya onyo kuhusu muhuri wa ndara. Aliisoma, akaitoboa tundu mbili, akaifaili mahali pake.

Murunga alirudi Huruma na miguu miwili. Watoto humlilia "mooo!" akipita, na chai sasa anajinunulia. Ila hachukii. Kila asubuhi anapokanyaga chini na nyayo zote mbili, humshukuru Mungu, kisha daktari, kisha Mama Wacera, ambaye sasa anaongea na shemeji yake, kisha yule ng'ombe, ambaye kama angetumia panga badala ya teke, bima isingelipa na mguu ungepotea.

Rael naye, Murunga alimwekea siku yake. Alivaa suti ya harusi, akabeba kreti ya soda, akamchukua Mama Wacera, na Shitanda, ambaye hakualikwa. Wakashuka mpaka stoo ya faili. Murunga alisimama katikati, akakohoa, akasoma tangazo lote, kuanzia wenye miguu miwili hadi wanaopenda ngoma. Mama Wacera alipiga vigelegele. Shitanda alipiga kreti. Mwishoni akasema kwamba hana namna ya kumlipa mtu aliyemrudishia mguu, lakini hata akitaka geti la dhahabu, yeye atalichomelea.

Rael alisikiliza hadi mwisho, kalamu mkononi.

"Asante," alisema. "Huo mlango nyuma yako haufungiki tangu mwaka jana. Na soda, mzee, toa juu ya faili."