Nilimkataza Mjukuu Wangu Kuinamia Upepo

Siku upepo ulipong'oa paa la shule yetu, watoto mia mbili na kitu walikuwa chini, mikono imefunika vichwa.

Mmoja tu alikuwa amesimama. Katikati ya uwanja, mkono juu, akiupigia upepo kelele.

Alikuwa mjukuu wangu. Na aliyemfundisha kusimama ni mimi.

Naandika kwa kidole kimoja, na elimu yangu ni ya msingi, kwa hiyo nikikosea mahali mtanivumilia. Wanaonijua watanitambua. Sawa tu.

Mimi ni mjane, mwaka wa tisa sasa. Pale shuleni ni mfagizi. Madarasa manane, korido moja ndefu, ofisi, stoo na vyoo, vyote nafagia na kupiga deki mimi. Naishi na mjukuu wangu wa miaka tisa, mama yake anafanya kazi mji mwingine. Asubuhi tunasali, jioni tunasali, na Jumamosi akina mama wa maombi wanakutana kwangu. Sisemi hivyo kujisifu. Nataka mjue nimeanguka kutoka wapi.

Mwaka huu tuliletewa mwalimu mpya wa sayansi. Binti mdogo, mwembamba, lakini sauti yake ukiwa getini unaisikia. Watoto walimbatiza wiki ya kwanza: Madam Mawingu. Hawezi kutoka darasani bila kutazama juu.

Alikuwa na vituko. Siku moja aliunganisha chupa mbili za plastiki mdomo kwa mdomo, maji ndani, akazizungusha. Maji yakajisokota katikati kama kamba.

"Hiki ndicho kimbunga," akawaambia watoto. "Kikija cha kweli hakitawauliza mko darasa la ngapi."

Mimi nilikuwa mlangoni na ufagio wangu. Nikacheka moyoni. Kimbunga kwenye chupa ya soda.

Wiki iliyofuata sikucheka.

Nilikuwa napiga deki mwisho wa korido, nikasikia filimbi. Madarasa yote yakamwagika nje ya milango. Madam Mawingu akaita, "Inama." Watoto wote, hadi wale wa darasa la kwanza, wakapiga magoti wakielekea ukutani. Paji la uso karibu na sakafu, mikono kisogoni. Kimya kabisa.

"Upepo ukija mnafanya nini?"

"Tunainama," wakaitika kwa pamoja.

Jamani. Mimi nilichokiona pale ni watoto wa watu wanafundishwa kuusujudia upepo.

Ningeweza kumuuliza. Alipita hatua mbili tu kutoka kwenye ndoo yangu. "Shikamoo mama, samahani tunakuchafulia sakafu." Nikaitikia marahaba, nikafyata mdomo. Mimi ni mtu wa kutazama. Natazama, naweka moyoni. Watu wamezoea kuniambia hiyo ni hekima, nami nimezoea kuwaamini.

Jioni nikamkuta mjukuu sebuleni, magoti chini mbele ya kabati la vyombo.

"Inuka hapo."

"Ni ya kimbunga, bibi. Tunafanya mazoezi ya kuinama."

"Katika nyumba hii tunamwinamia nani?"

"Mungu."

"Na upepo ni mungu?"

Akafikiri kidogo. "Lakini bibi, kuinama na kusujudu ni kitu kimoja?"

Swali hilo lilistahili mtu akae nalo. Mimi nililijibu kama anayefukuza nzi.

"Magoti ni magoti. Upepo ukija, simama wima, inua mkono, uukemee utulie. Mwenye imani haogopi upepo."

"Hata wenzangu wote wakiinama?"

"Hata wakiinama wote na mwalimu wao."

Nikamfundisha na maneno ya kusema. Mara tatu tu akawa ameyashika, mtoto huyu ana kichwa chepesi. Nikajiona nimemwokoa.

Zikapita kama wiki tatu.

Ilikuwa vipindi vya mchana. Joto lilikuwa limetuama tangu asubuhi, hata jani halitikisiki. Mara mbingu ikageuka rangi, ikawa kama ngozi iliyovilia damu. Mvua ya mawe ikaanza kugonga bati. Filimbi ikalia.

Mimi nilikuwa stoo. Dirisha lake linatazama uwanja. Nikasikia korido inajaa, magoti yanagonga sakafu. Kisha nikaona shati jeupe linatoka nje.

Hakukimbia. Alitembea mpaka katikati ya uwanja, akasimama wima, akainua mkono. Mdomo ukaanza kwenda. Sikusikia hata neno moja, lakini maneno niliyajua yote.

Nyuma yake, ng'ambo ya ukuta wa shule, vumbi lilikuwa limesimama kama nguzo. Na nguzo ile ilikuwa inatembea.

Hapa kuna kitu naruka. Nitakisema, msinikimbize.

Nilipotazama tena, madarasa mawili hayakuwa na paa. Madam Mawingu alikuwa kwenye mtaro wa maji kando ya uwanja, amelala kifudifudi, na chini yake mjukuu wangu. Mzima, tope hadi kwenye meno. Mwalimu bati lilikuwa limemchana bega. Alishonwa nyuzi kumi na tisa.

Wale wa koridoni hakuna hata mmoja aliyechubuka.

Mngedhani wazazi wangemshukuru. Siku ya tano kikaitwa kikao. Kuna mzazi tunamwita Baba Redio, maana akishawashwa hakuna wa kumzima. Akasimama.

"Mwaka mzima anachezea machupa, siku yenyewe mtoto anamponyoka hadi uwanjani. Leo ni huyu, kesho ni wangu. Aondoke."

Watu wakaguna kumuunga mkono. Madam Mawingu alikuwa amekaa mbele, mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni. Alisema sentensi moja. "Sikuwahesabu vizuri wakati wa kutoka, kosa ni langu."

Mwalimu mkuu akamwita mjukuu wangu. "Nani alikuambia utoke nje?"

Akanitazama. Akatazama viatu vyake. "Nilitoka mwenyewe."

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma, karibu na mlango. Mdomo wangu ulikuwepo, na ulimi wangu ulikuwepo. Nikanyamaza. Wakasema uamuzi ni baada ya siku tatu, na kila mtu alijua uamuzi utakuwa upi. Watu walipotoka nikapanga viti. Madam Mawingu akanisaidia, kwa ule mkono mmoja. Nilitamani sakafu niliyoipiga deki mwenyewe inimeze.

Nikajifariji kwamba mtoto ananificha kwa mapenzi. Kesho yake, nikimsuka nywele, nikamuuliza.

"Mbona hukusema ni mimi?"

"Maneno yako ni mazuri, bibi. Ni mimi niliyeyasema vibaya, ndiyo maana upepo haukusikia." Akavuta kamasi. "Nafikiri imani yangu ni ndogo."

Kitana kilinidondoka.

Mtoto alikuwa anabeba kosa langu, na zaidi ya hapo alikuwa amejihukumu mbele za Mungu kwa ajili yangu. Nilimkumbatia tu, maana jibu lake lilikuwa kile nilichokiruka.

Siku ya kikao cha pili sikusubiri kuitwa. Nikaweka ufagio chini, nikaenda mbele.

"Mtoto nilimtuma mimi," nikasema. "Nilimwambia asiiname. Nilidhani mwalimu anawasujudisha kwa upepo."

Mtu mmoja akacheka, akaacha katikati.

Baba Redio akanikazia macho. "Na wewe mama, ulipomwona uwanjani, ulifanya nini?"

Ndipo nikasema.

Nilipoiona ile nguzo ya vumbi, sikutoka nje kumfuata mjukuu wangu. Sikuinua mkono. Sikukemea. Niliingia chini ya meza ya stoo. Magoti chini, paji la uso sakafuni, mikono kisogoni, vilevile kama watoto wa darasa la kwanza. Hakuna aliyenifundisha, nilijifunza kwa kutazama. Dirisha lilipopasuka, vioo vilinirukia mikononi na mgongoni. Kisogo kikapona.

Madam Mawingu aliokoa bibi na mjukuu kwa mkupuo mmoja. Na bibi alikaa siku nane anatazama akifukuzwa.

Baba Redio mwenyewe akakaa. Madam Mawingu akanigeukia. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Mama, mbona hukuniuliza? Ningekuambia tunakinga vichwa tu." Kisha akaongeza polepole, "Mimi mwenyewe nikiwa pale chini huwa nasali."

Mwalimu amebaki. Kazi yangu nayo niliachiwa, ingawa ningefukuzwa ingekuwa nafuu. Akina mama wa maombi Jumamosi ile walikuja wawili tu.

Nyumbani, mjukuu wangu alikuwa ameshasikia.

"Bibi, kumbe na wewe uliinama?"

"Niliinama."

"Uliogopa?"

"Sana."

Akanisogelea, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akaegemea bega langu. "Basi si mimi tu mwenye imani ndogo."

"Imani yako ni kubwa kuliko yangu," nikamwambia. "Iliyokosekana ni akili ya bibi yako."

Mpaka leo Madam Mawingu akipuliza filimbi ya mazoezi, naacha deki napiga magoti na watoto. Wananicheka, kwa sababu kuinuka nashindwa mpaka wanivute. Huwa nasali humohumo.

Ndugu zangu, kukaa kimya na kutazama si hekima kila wakati. Mara nyingine ni kiburi kilichovaa kitenge. Usichokielewa, kiulize kwanza ndipo ukikemee. Mimi nilikwepa aibu ya swali moja, nusura niilipe kwa uhai wa mtoto.