Siku Nilipoihamisha Blogu ya Mzee Ramadhani

Siku yangu ya kwanza kazini niliketishwa mbele ya kompyuta yenye kibodi ya Kifaransa, mimi niliyejifunzia kuchapa Tanzania. Nilipobonyeza A ikatokea Q. Barua ya mteja wa kwanza niliirudia mara nne. Mwenye ofisi, ambaye sote tulimwita Patroni, alisimama nyuma yangu akacheka. "Bon, mama, vidole vyako viko bado Tanzania. Vitarudi tu."

Wazazi wangu walikuwa wakulima wa Bugendana, lakini mimi nilikulia ukimbizini, na tuliporudi sikuwa na mkono wa jembe kama binamu zangu. Nilijua kompyuta. Ofisi ile ya Gitega ilikuwa ya kuchapa barua na kutoa fotokopi. Baadaye ikaanza kutengeneza tovuti, na hiyo ndiyo ikawa kazi yangu hadi nilipostaafu.

Vijana hudhani tovuti inaelea hewani. Hapana. Inakaa ndani ya seva, yaani kompyuta ya mtu fulani, mahali fulani, isiyozimwa. Wewe ni mpangaji tu. Mwenye nyumba akiamua kufunga, unafungasha na kuhama.

Patroni alipofungua tawi Muyinga, alinituma niwe msimamizi. Huko ndiko nilikomjua Mzee Ramadhani, fundi cherehani wa mtaa wa Waswahili, mjane, mshonaji wa kanzu. Alikuja na daftari. Alitaka kuandika habari za ufundi wake na za ukoo wake, jamaa waliotawanyika wazisome. Nikamfungulia blogu kwenye jukwaa la bure la mtandaoni. Kila Ijumaa baada ya swala aliniletea ukurasa mmoja, mimi nachapa, yeye ananisomea. Tukimaliza alisema, "Sasa fungua kule chini."

Kule chini ni kwenye maoni ya wasomaji. Kulikuwa na mmoja aliyejiita Msomaji wa Mbali. Aliandika maneno machache: nimesoma, Mungu akupe afya. Siku moja Mzee aliandika juu ya gauni la bluu alilomshonea binti yake kwa ajili ya Idi. Msomaji wa Mbali akajibu: "Halikuwa la bluu. Lilikuwa la kijani, na ulisahau kifungo cha mwisho."

Mzee akavua miwani. "Ni Salima," akasema.

Salima alikuwa mtoto wake wa pekee. Aliolewa na Mkristo bila idhini ya baba, akavuka mpaka, na Mzee akakataza jina lake lisitajwe nyumbani. Hakuwa na namba yake ya simu.

"Tumjibu?" nikauliza.

"Bado. We acha kwanza."

Ikawa bado, Ijumaa baada ya Ijumaa, zaidi ya mwaka. Hata Msomaji wa Mbali alipoandika kwamba amejifungua msichana na kumpa jina la bibi yake, Mwajuma, marehemu mke wa Mzee, Mzee mwenyewe aliguna tu, akaondoka akiwa amesahau daftari lake mezani.

Wiki hiyohiyo jukwaa lile likatangaza kwamba linafungwa baada ya siku chache. Tulikuwa na blogu na tovuti za wateja wengi humo. Programu ya kuhamishia ilikuwa na visanduku vitatu vya kuweka alama: makala, picha, maoni. Maoni kwenye blogu ya Mzee yalikuwa yamefurikiwa na matangazo ya matapeli, faili likawa zito, na intaneti ya Muyinga ikakatika njiani mara mbili. Nikampigia Patroni kumwambia maoni ndiyo yanayokwamisha.

"We mama, iko nini ya maana kwa ma-commentaires? Iko uchafu tupu. Toa, maliza, tuendelee!"

Mimi nilijua kulikuwa na nini cha maana. Nilijiambia nitayarudia kesho. Nikaiondoa ile alama ya maoni, blogu ikahama bila kukatika. Wala sikuielekeza anwani ya zamani kwenye mpya, kazi ambayo ni sawa na kubandika karatasi mlangoni kwamba tumehamia nyumba fulani. Kesho yake kulikuwa na tovuti nyingine, na kesho kutwa nyingine. Nilipokumbuka, jukwaa lilikuwa limeshafungwa.

Ijumaa Mzee aliingia amevaa kanzu mpya.

"Leo namjibu. Fungua kule chini."

Kule chini kulikuwa kutupu.

"Mzee," nikasema, "jukwaa la zamani limepoteza maoni yote."

Akakisogelea kioo cha kompyuta. "Na yeye atatupata wapi?"

Akavuta kiti. "Basi andika." Nikachapa alivyosema: "Salima mwanangu, ni kweli lilikuwa la kijani. Njoo na Mwajuma nimwone."

Niliwaandikia wenye jukwaa mara nyingi. Walijibu mara moja tu, kwamba kila kitu kimefutwa. Mzee aliendelea kuja kila Ijumaa hadi miguu ilipomkatalia. Alipofariki, mimi nilikuwa nimesharudishwa Gitega.

Salima alikuja ofisini miezi michache baada ya mazishi, amemshika Mwajuma mkono. Jamaa wa Muyinga ndio waliomwelekeza kwangu.

"Nilifungua ule ukurasa nikakuta haupo," alisema. "Nikajua baba amenichoka."

Nikamweleza yote: kile kisanduku, anwani, na uongo niliomwambia baba yake. Kisha nikamfungulia yale maneno. Aliyasoma amesimama.

"Aliandika lini?"

"Ijumaa ya wiki ileile ukurasa ulipotoweka."

"Na wewe ulijua kwamba mimi ndiye?"

"Nilijua."

Hakunitukana. Alimwinua mtoto, akatoka bila kuaga.

Sasa nimestaafu, naishi Giheta. Vijana wa ofisi hunipigia simu kuuliza namna ya kuhamisha tovuti, nami nawaambia: hesabuni maoni kabla na baada, elekezeni anwani, msimsikilize mtu anayewaharakisha. Wanashukuru. Lakini kosa la kisanduku lingeweza kumpata yeyote. Linalonikera ni zile Ijumaa zote nilizokaa na Mzee uso kwa uso, nikimwacha ailaumu mashine.

Mara ya mwisho kuonana, alinishika mkono akaniombea dua, kwa sababu, alisema, mimi peke yangu ndiye niliyejaribu kumtafutia binti yake.