Barua Tuliyomwandikia Inspekta Lusato

Mwezi uliopita nilikwenda Mwanza kumsalimia mpwa wangu aliyejenga Ilemela, juu kwenye mawe, mahali ambapo ukisimama barazani unaliona ziwa mpaka macho yachoke. Jioni ile watoto wake walikuwa wamejazana mbele ya televisheni. Kuna tamthilia mpya ya polisi ambayo wanasema kila mtu anaitazama, na mpelelezi wake mkuu ni mtu asiyeeleweka: leo anamkamata mwizi, kesho anakula naye. Siku hiyo aliificha bastola ya rafiki yake ili asikamatwe kwa mauaji. Nilidhani watoto wangekasirika. Walipiga makofi. Binti mkubwa akanigeukia akasema, "Huyu ndiye tunayempenda, bibi. Si malaika, ni mtu kama sisi."

Nilitabasamu, nikatoka nje kupunga upepo. Na mimi nilipata kumpenda mpelelezi wa redioni, rafiki yangu, nikiwa na miaka kumi hivi. Ngoja nikusimulie.

Nililelewa na bibi yangu katika kijiji cha ujamaa kando ya ziwa, ukitoka Kisesa na kushuka kuelekea majini. Asubuhi watu wazima walikwenda kwenye shamba la pamba la kijiji, nasi watoto tukaenda shule. Mchana nilianika dagaa juu ya mawe mapana na kukaa pale na fimbo kuwafukuza kunguru. Harufu ile haikutoka. Tuliingia nayo darasani, tukalala nayo. Chakula kilikuwa ugali wa muhogo kwa furu, wale samaki wadogo wenye miiba mingi, na ukitaka kumfurahisha bibi ulimpa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa juani, atafune pamoja na karanga huku akihadithia kwao Ukerewe.

Redio ilikuwa moja, ya jirani yetu fundi cherehani. Jumapili tangu asubuhi alianika betri zake juani juu ya bati ili zipate nguvu, na ilipofika saa kumi alasiri uwanja wake ulikuwa umejaa. Wanawake walikaa mkekani, wanaume kwenye magogo, sisi watoto chini. Kiti kilikuwa kimoja, nacho kilikuwa cha mwalimu.

Mwalimu alitoka Bukoba, mtoto wa wakulima wa kahawa, na shati lake lilikuwa limenyooshwa pasi hata siku za kulima. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kama wa kitabuni. Watu wengi wa rika la bibi hawakujua kusoma, kwa hiyo barua zote za kijiji zilipita kwake: za ndoa, za misiba, za vijana waliopotelea mjini. Hakuna hata siri moja iliyowahi kusikika kisimani. Mimi aliniambia nitafika sekondari, na tangu siku hiyo nilikuwa tayari kumbebea hata mawe.

Mchezo wa redio tuliokuwa tukiusubiri ulimhusu Inspekta Lusato. Alikuwa na sauti nzito, isiyo na haraka. Kila wiki kulikuwa na tajiri aliyemsogezea bahasha, na kila wiki alisema, "Rudisha mfukoni, usije ukaisahau hapa." Maneno hayo yakawa ya kijiji kizima. Ukimpa mtu kitu asichokitaka, alikujibu hivyo. Bibi alimwita Rusato, akasema jina hilo ni la kwao, kwa hiyo huyo ni mtoto wao. Inspekta alipomwamkia mzee yeyote mle redioni, bibi aliitikia kabla ya mzee mwenyewe: "Marahaba, mwanangu."

Basi ikaja Jumapili moja. Katika mchezo, nyavu za kijiji fulani cha wavuvi zilikuwa zimeibwa ghalani. Inspekta akapeleleza, akaikuta tochi ya mwizi mle ghalani, na tochi hiyo ilikuwa ya mdogo wake wa tumbo moja. Tukasikia hatua zake akitembea hadi majini. Akasimama kitambo. Halafu tukasikia kitu kikitumbukia. Kisha akarudi kijijini, akamkamata mlinzi wa ghala, mzee aliyekuwa akilia na kuapa kwa jina la mama yake. Muziki ukapigwa, mchezo ukaisha.

Hakuna aliyeinuka. Fundi alizima redio, akabaki ameshika kitufe chake.

"Labda ni mtego," alisema mwishowe. "Labda anamvuta mwizi karibu."

"Mtego gani?" bibi akauliza. "Ushahidi uko chini ya maji, na mzee wa watu yuko ndani."

Mke wa fundi akasema damu ni damu. Nani kati yetu angempeleka mdogo wake jela? Wanawake wawili wakamuunga mkono, na uwanja ukagawanyika. Watu walikatizana maneno, walionyesheana vidole, mpaka mtoto mmoja akaanza kulia. Bibi hakupaza sauti. Alikuwa akivuta nyuzi za mkeka mmoja mmoja.

"Wiki zote hizi nimemwitikia," alisema. "Mwalimu, chukua karatasi. Tuwaandikie wenye redio."

Mwalimu akacheka kidogo, akidhani ni utani, kisha akaniagiza nikamletee daftari na wino. Aliandika akiwa ameliweka daftari juu ya goti. Watu walitamka, yeye akapanga maneno: kwamba sisi wanakijiji tulimwamini Ndugu Inspekta, kwamba ametuaibisha, kwamba mlinzi aachiwe. Hata wale waliomtetea walisogea, maana kila mtu alitaka neno lake liingie.

Hapo ndipo bibi akasema, "Ongeza na hili. Hata hapa kwetu nyavu tatu zilitoka ghalani. Mlinzi wetu akafukuzwa kijijini, yeye na mkewe. Na nyavu hizo anavulia mdogo wa mwenyekiti wetu wa kijiji kule ng'ambo, watu wamemwona. Waulize hao wenye redio, kama hata Inspekta ni hivi, sisi twende kwa nani?"

Jambo hilo lilijulikana, lakini lilikuwa halijawahi kusemwa mbele za watu. Kalamu ya mwalimu ilisimama. Alimtazama bibi, akatutazama sote, kisha akaandika. Akaisoma barua nzima kwa sauti, neno kwa neno, na ile sehemu ya nyavu hakuiruka. Wakaweka dole gumba, mmoja baada ya mwingine, bibi akiwa wa kwanza. Mwalimu akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati. Jumatatu alikuwa na safari ya mjini, angeipeleka posta mwenyewe.

Tulikaa tukingoja jibu. Siku ya Ijumaa akaja mgambo, akasema bibi anaitwa ofisini. Nilimfuata, kwa kuwa macho yake yalikuwa yameanza kufifia na njia ilikuwa na mawe. Mwenyekiti alikuwa nyuma ya meza. Kando yake, kwenye benchi, alikaa mwalimu, mikono katikati ya magoti. Barua yetu ilikuwa mezani, imenyooshwa.

"Mama, hiki ni kidole chako?"

Bibi hakuiangalia barua. Alimwangalia mwalimu. "Ni changu, Ndugu Mwenyekiti. Nilikiweka mchana, mbele za watu."

Mwenyekiti akaeleza kwa upole, na upole wake ulitisha, kwamba kuchafua jina la kiongozi ni kuvunja umoja wa kijiji. Bibi aombe radhi mkutanoni. Akikataa, eneo la kuanikia dagaa litagawiwa wengine. Nilidhani bibi anafikiria kuomba radhi. Kumbe alikuwa akimngoja mwalimu ainue uso.

"Mwalimu," akasema, "mimi sijui kusoma. Nilikukabidhi macho yangu."

"Bibi, barua zinafunguliwa njiani," mwalimu alijibu, bado akitazama sakafu. "Ingefika kwa watu wabaya zaidi. Na mimi nina watoto wanne."

Labda ilikuwa kweli. Mpaka leo sijui kama barua zilikuwa zikifunguliwa. Najua tu kwamba bibi hakuomba radhi, na kwamba wiki iliyofuata mawe yetu yalikuwa na dagaa wa watu wengine. Majirani walituletea samaki kwa kificho, wakiwa wamefunika na majani. Mkutanoni hakuna aliyesema kitu. Fundi aliacha kuitoa redio nje. Aliisikiliza ndani, kwa sauti ya chini, na sisi hatukujua tena Inspekta alifanya nini. Darasani niliacha kunyoosha mkono. Mwalimu akiuliza swali nililolijua nilitazama dawati, naye hakuniita. Kabla ya mwaka kwisha akaomba uhamisho.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo, nikiwa tayari mama wa watoto wawili, mjini Mwanza. Nywele zilikuwa nyeupe, shati limenyooshwa vilevile. Nilimwamkia, akaitikia, akanishika mkono asiuachie. Akauliza habari za bibi, nikamwambia alikwisha kufariki.

"Alisema lolote juu yangu?"

Ningeweza kumpa neno la kumpunguzia mzigo. Nililitafuta kweli. "Hapana, Mwalimu. Hakukutaja tena."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa jibu la mtihani alioufanya zamani, akanishukuru, akaenda zake. Nilimwonea huruma, na bado namwonea. Alikuwa mtu mwema kwa miaka mingi na mwoga kwa siku moja, nasi tulikuwa tumempa kila kitu chetu akishike.

Furu wale sasa ni vigumu kuwapata, sangara waliwamaliza. Mawe ya kuanikia yamejengewa ukuta na mtu nisiyemjua. Wale waliokuwa uwanjani karibu wote wako chini ya udongo. Hawakuwa wajinga, usidhani. Walijua wezi wapo, waliishi nao. Lakini walipomsikia mtu wa redioni akimfunga asiye na hatia, jua halikuzama kabla hawajaketi kumwandikia, kwa sababu waliamini mtu akikukosea lazima aambiwe. Sikumbuki ni lini tuliacha kukasirika namna ile. Tuliacha polepole, kila mtu nyumbani kwake, na hakuna aliyemwambia mwenzake.