Printa ya Mama Emiliana

Emiliana alipiga chapa katika ofisi za serikali kwa miaka thelathini na moja, na alipostaafu alisema hawezi kuzeeka bila karatasi. Akaamua kununua printa ya kuweka nyumbani kwake Nzuguni. Aliichagua kama watu wanavyochagua ng'ombe wa mahari. Binti yake Dorkasi alimsindikiza mjini wakazunguka maduka manne. Katika la kwanza walionyeshwa printa ndogo ya bei nafuu, ya kubadilisha katriji za wino. Emiliana akauliza katriji moja inatoa kurasa ngapi. Muuzaji akacheka badala ya kujibu, na mama akatoka bila kuaga.

Katika duka la nne aliipata.

"Hii ni tatu kwa moja, mama. Inaprinti, inatoa kopi, inaskani. Wino unaumimina humu ubavuni kama unajaza kibatari."

"Na vumbi la Nzuguni italiweza?"

"Mama, hii ni mashine ya ndani, siyo trekta."

"Ndani kwangu ndiko vumbi linakolala," Emiliana alisema, lakini akaichukua.

Aliiweka sebuleni, chini ya picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, akaifunika kitambaa cha kufuma. Walimu walimletea mitihani, wanakwaya nyimbo, wafiwa ratiba za mazishi. Kila ukurasa aliusoma mara mbili kabla hajautoa. "Karatasi ikishatoka hapa, watu wataiamini," alimwambia Dorkasi.

Ikaja Agosti na upepo wake. Kila asubuhi Emiliana alifunua mashine na kupangusa kioo chake kwa kanga kavu. Dorkasi alimshauri alowanishe kitambaa laini kidogo. Mama akakataa, maji na umeme havikai pamoja. Basi siku moja punje ya mchanga iliyonasa kwenye kanga ilikikwaruza kioo, mkwaruzo mwembamba kama unywele, karibu na ile kona ya kuwekea karatasi ndogo. Hakuna aliyeuona.

Wiki ile ile akauawa mzee Methusela, jirani wa nyumba ya tatu. Mwanawe Luka alikuwa ameajiri mchungaji wa mbuzi, mgeni, kwa siku nane tu. Alfajiri mzee alisikia mbuzi wakilia, akatoka na fimbo yake, na mchungaji akamkata panga la shingo. Walimkuta amelala zizini kwenye mavi ya mbuzi, damu imeganda hadi kifuani. Mbuzi kumi na mmoja hawakuwepo. Luka akapanda pikipiki kwenda Mlali, kwani mchungaji alikuwa amesema ndiko kwao. Kwa hiyo mtaani hakubaki mtu aliyeijua vizuri sura ya muuaji. Kilichobaki ni picha ndogo ya pasipoti, kwa sababu mgeni yeyote anayeajiriwa pale huacha picha kwa mjumbe wa nyumba kumi.

Denis, mkuu wa vijana wa ulinzi, aliileta kwa Emiliana.

"Shikamoo mama. Ikuze, utoe karatasi arobaini."

Emiliana aliiweka picha kwenye ile kona. Karatasi ya kwanza ilitoka na mstari mweupe kutoka chini ya jicho hadi pembe ya mdomo.

"Ana kovu huyu," alisema Denis.

Emiliana aliitazama ile picha ndogo. Ilikuwa na giza na imekunjika shavuni. Alikuwa amemlilia mzee Methusela usiku kucha na macho yalikuwa yamevimba. "Ndivyo inavyoonekana," alisema. Hakuisoma mara mbili. Karatasi arobaini zikabandikwa kwenye nguzo za umeme kutoka Nzuguni hadi Ihumwa.

Siku mbili baadaye, saa tisa mchana, Emiliana alikuwa akitoa kopi ya cheti cha ubatizo cha mtoto wa Angelina, mwanakwaya mwenzake. Jina la mtoto likatoka limekatwa na mstari mweupe. Akageuza cheti, akatoa tena. Mstari ukahamia mahali pengine kwenye cheti, lakini kwenye karatasi ulikuwa pale pale. Akapitisha ukucha juu ya kioo, ukakwama.

"Dorkasi," alisema, na sauti haikuwa yake. "Yule mtu hana kovu. Kovu ni la mashine."

Hapo hapo filimbi zikalia barabarani.

Mtu waliyemkamata vijana wa ulinzi aliitwa Hamidu, Mrangi wa Kondoa aliyekuwa akipita na ndoo zake za asali. Kovu lake la shavuni lilikuwa la jembe, tangu utotoni. Walipomburuta hadi mbele ya geti la Emiliana alikuwa tayari amevunjika mkono, na asali ilikuwa imechanganyika na damu kichwani mwake. Mmoja alimpiga teke la mdomo. Mwingine alikuwa anavingirisha tairi, na wa tatu ameshika chupa ya petroli.

"Wallahi mimi muuza asali!" alilia Hamidu. "Niulizeni soko la Majengo!"

"Asali utauza kuzimu!" walimjibu, na rungu likamshukia mgongoni.

Emiliana hakupiga kelele. Alipenya katikati ya miguu yao akajilaza juu ya Hamidu kama anayemfunika mtoto asipigwe na mvua ya mawe. Na mawe yalikuwa yamekwisha kurushwa. Moja likampata nyuma ya sikio. Dorkasi alisikia mlio wa jiwe hilo akiwa getini.

"Toka hapo, Mama Dorkasi!" Denis alimvuta mkono. "Karatasi umetoa mwenyewe!"

"Nilikosea! Mstari ni wa kioo! Nipe kitambulisho chako, Denis, utaona na wewe una kovu."

"Bibi kachanganyikiwa," mtu alisema, wakacheka.

Denis alisita, kisha akakitupa kitambulisho miguuni kwa Dorkasi. "Dakika mbili. Ukichelewa utamkuta mkaa."

Dorkasi alikimbia. Alikiweka kwenye kona, akakuza, akabonyeza. Mashine ilinguruma, ikanyamaza, ikawasha taa ya kusubiri. Nje alisikia rungu likimpiga mtu, kisha tena, na hakujua ni nani kati ya wale wawili. "Mungu wangu, isukume," aliomba, akiipiga mashine kwa viganja. Karatasi ilianza kutoka polepole, nywele kwanza, paji la uso, macho.

Alirudi nayo bila viatu. Denis aliishika, akatazama uso wake mwenyewe uliopasuliwa na mstari kutoka chini ya jicho hadi mdomoni. Akapapasa shavu lake kwa vidole. Wengine wakamwinamia kutazama. Mwenye petroli akaifunga chupa, na mmoja mmoja wakaanza kuondoka bila kutazamana.

Hamidu alikuwa anapumua. Emiliana alikaa, akavua kanga yake, akamfunga Hamidu kichwani, kisha yeye mwenyewe akaanguka.

Aliishi siku mbili hospitalini. Dorkasi alimwambia majina ya waliopiga ameyaandika yote, anayapeleka polisi.

"Yapeleke," mama alisema. "Na langu liandike juu kabisa. Nilitoa karatasi bila kuisoma." Akaomba padri, akapakwa mafuta, na asubuhi akafariki.

Siku ya mazishi, wakati wa kunyanyua jeneza, vijana sita walijitokeza kama desturi ya mtaa. Wawili kati yao Dorkasi aliwaona siku ile wakiwa na rungu, lakini kwenye orodha yake hawakuwemo, kwa sababu majina yao hakuyajua. Walikuwa wamevaa mashati meupe. Katekista alitazama chini.

Hamidu alikuwa nyuma ya wanawake, mkono umefungwa plasta, midomo bado imevimba. Alikuja na mkewe Sikudhani kutoka Kondoa.

"Dada," alimwambia Dorkasi kwa sauti ndogo, "mimi siyo wa dini yenu. Naweza kumbeba mama hata kwa mkono mmoja?"

Dorkasi alitembea hadi kwenye jeneza, akamgusa bega kijana wa kwanza wa wale wawili.

"Toka hapo," alisema. "Mpishe huyu."

Kijana akaachia mshikio. Hamidu akaingia mahali pake, akainamisha bega lake zima, na jeneza likanyanyuka.