Jina la Pili Daftarini

Kwa mafundi wa mitungi ya kuzimia moto, kazi hufanywa na watu wawili: mmoja anaingia chumbani, mwingine anakaa mlangoni. Si uvivu. Gesi ya kuzimia moto haibagui. Inaunyima moto hewa, na aliyemo ndani anakosa pumzi vilevile. Wa mlangoni hulinda swichi isirudishwe kwenye otomatiki, gesi isije ikajifungua yenyewe, na kila baada ya dakika chache anaita, "Upo?" Wa ndani anajibu, "Nipo!"

Miaka kumi na tisa fundi wetu aliitwa hivyo na shemeji yake, kaka wa marehemu mkewe, mtu wa maneno mengi. Akichelewa kujibiwa hupaza sauti: "Shemeji, umekufa nirithi viatu?" Fundi hucheka hadi bisibisi inamponyoka.

Kisha shemeji akaugua siku nne, akafariki. Fundi akabaki katika nyumba ya vyumba viwili, redio ndiyo ya kusema naye, na akawa na kichwa kigumu: mtu mwingine hatakaa kwenye kile kiti cha mlangoni. Lakini jengo la kuhifadhi nyaraka halitoi ufunguo kwa fundi mmoja. Basi akawa anaandika majina mawili kwenye daftari la mapokezi, lake na la shemeji, hilo la pili kwa mwandiko wa kulala kidogo. Nani anasoma? Ungemuuliza, angekwambia ni kwa ajili ya ufunguo tu. Uongo mtupu. Alipenda kuliandika.

Asubuhi moja alikuwa juu ya ngazi katikati ya makabati, akipangusa kifaa cha kunusa moshi. Nje akapita mama mlinzi, wiki yake ya pili kazini. Akaona otomatiki imezimwa na kiti cha mlangoni ni kitupu. Mafundi wakiwepo, mmoja lazima awe hapo. Hayupo, basi wamemaliza. Akairudisha swichi, akaenda zake akijisifu moyoni kwa umakini. Mimi simlaumu hata kidogo.

Vumbi likakiingia kile kifaa. King'ora kikalia. Sekunde thelathini tu, kisha gesi.

Fundi alishuka ngazi kwa makalio zaidi ya miguu. Akaacha bisibisi, akaacha kiatu kimoja, akasema miguu niponye. Mlango ukajifunga nyuma yake na gesi ikaanza kunguruma ndani. Akaanguka sakafuni.

Mama mlinzi akaja mbio, daftari mkononi.

"Mmeandikwa wawili! Mwenzako yuko wapi?"

Fundi akajikongoja kuinuka. Mama hakungoja. Akatupa daftari, akajifunga leso puani, eti leso, mbele ya gesi ile, akashika kitasa.

"Siwezi kumwacha mtu afie humo!"

Fundi akamrukia, akamkamata mkono wa sweta. "Usifungue! Hamna mtu!"

"Si ameandikwa hapa!"

"Alikufa, mama. Mwaka wa pili sasa. Ni mimi ninayemwandika."

Mama akakiachia kitasa. Akamvuta fundi hadi mwisho wa korido, kwenye dirisha lililo wazi, na hapo ndipo alipompasha. Alikuwa na watoto watatu shuleni saa ile. Akamtajia mmoja mmoja, na darasa la kila mmoja, na nani angewapokea jioni. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, kichwa chini. Alistahili kila neno.

Hasira zilipomwisha, mama akaketi kando yake.

"Na wewe je? Ungebaki humo, nani angekutafuta?"

Fundi akafikiri kweli. Akapita kichwani nyumba kwa nyumba, mtu kwa mtu, mtaa mzima.

"Hakuna," akasema, na machozi ambayo hayakumtoka hata msibani yakamtoka pale, mbele ya mtu asiyemjua.

Akagundua bado ameushika ule mkono wa sweta. Akaona aibu, akauachia. Kisha akaushika tena.