Kibao cha Kebo Kilichozaa

Kibao changu cha uongo kilizaa.

Mke wangu nilipomsimulia alinishika paji la uso, aone kama nina homa. Lakini Ijumaa nilichomeka kibao kimoja kando ya barabara, na Jumatatu nikakuta viwili.

Nirudi nyuma kidogo.

Kazi yangu ni kufyeka majani kando ya barabara kuu, kwa mashine ya kubeba begani. Nyapara wetu tunamwita Kipenga, kwa sababu ya filimbi anayoivaa shingoni hata akienda kula. Mtu huyo hacheki. Mwezi mmoja kabla alimfukuza mwenzetu kwa kusahau majani kiasi cha mkeka ndani ya mtaro.

Sasa, baada ya mvua, kwenye kona ya pili yakaota maua. Hakuna aliyeyapanda. Ya manjano, ya zambarau, mengine meupe yenye doa jekundu katikati, kando ya lami kutoka pale mpaka karibu na daraja.

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na moja, nina kitambi na watoto watatu. Nilizima mashine nikasimama kuyatazama, natabasamu peke yangu.

Kuyakata nilishindwa. Nisipoyakata, kibarua kinaota nyasi.

Nikapata akili ya kijinga. Kazini kwetu kuna sheria moja: penye kibao cha kebo ya umeme, mashine haigusi hata jani. Nikaokota ubao, nikaandika kwa rangi nyekundu: HATARI, KEBO CHINI. Nikauchomeka katikati ya maua, nikaenda zangu nyumbani.

Jumatatu vibao viwili. Wiki iliyofuata vitatu, mpaka karibu na daraja, na maua yote salama. Nikaanza kuamini kwamba labda kebo ipo kweli, nami nimebahatisha.

Alhamisi gari la mafundi wa umeme likasimama pale pale, na Kipenga yupo. Akashuka fundi mmoja, mwanamke mwenye ramani mkononi.

"Nani kaweka hivi vibao? Kwenye ramani yangu hapa hakuna kebo."

Kipenga akanitazama mimi, halafu akayatazama maua.

"Ipo," akasema.

"Ramani inasema haipo."

"Ramani yenyewe ya lini, dada?"

"Basi ngoja nichimbe tuone."

"Chimba tu. Ila fomu za kuchimba kando ya barabara ni kurasa sita, na utazijaza mwenyewe."

Fundi akakunja ramani. Akasimama kidogo akiyaangalia maua, kisha akapanda gari wakaondoka.

Nikainama kuokota mashine yangu. Ndipo nikaviona viatu vya Kipenga. Vina matone ya rangi nyekundu.

"Bosi, hiyo rangi..."

"Kibao chako kimeinama," akanikatiza. "Kakinyooshe."

Nikaenda kukinyoosha. Akanifuata, akasema kwa sauti ya chini, "Napita hapa kila asubuhi. Kuanzia kona hii mpaka darajani ndipo mahali pekee ambapo sijagombana na mtu."

Nilifurahi, na nikaona aibu pia. Mwezi mzima nilikuwa nawaambia wenzangu kwamba yule hana moyo, ana filimbi tu.

Jumatatu iliyofuata vibao vikawa vinne. Cha nne kiko ng'ambo ya daraja, ambako maua mapya ndiyo kwanza yanachanua.

"Hiki umetia fora, bosi," nikamwambia.

"Sio changu. Nilidhani chako."

Tukasogea wote wawili. Kilikuwa cha chuma, herufi zimenyooka, na chini kina nembo ya mafundi wa umeme.

Funzo langu ni dogo. Ukiona kitu kizuri njiani, usidhani umekiona peke yako. Wenzako nao wamekiona, wanajikausha tu kama wewe.