Hina kwenye Kalenda

Mke wangu alijua nachora matangazo ya sabuni. Nilimwambia hivyo mwaka tuliohamia Vällingby, pembeni ya Stockholm, na haukuwa uongo mtupu, maana sabuni ilikuwemo: mara nyingi ilishikwa na msichana wa Kizungu asiyevaa chochote zaidi ya povu. Nilichora zile kalenda zinazotundikwa gereji, msichana mmoja kwa kila mwezi. Nilitoka Unguja kuja kusomea uchapaji, nikaishia hapo. Niliona haya, na nilijivuna pia, na mpaka leo sijui kipi kilizidi.

Miili niliitoa kwenye picha alizonipa mwenye kiwanda cha kuchapa kalenda. Lakini mikono ya kwenye picha zile ilikuwa imekakamaa, haishiki kitu kikashikika. Kwa hiyo Jumamosi mchana nilimketisha mke wangu jikoni, amevaa sweta lake la kijivu na kilemba kichwani, nikampa kipande cha sabuni.

"Hivi?"

"Legeza kidole."

Alilegeza huku akicheka. "Wazungu hawa hawajui kuoga mpaka wachorewe?"

Safari moja alikaa kitini ametoka harusini Farsta, mikono imejaa hina. Shoga yake ndiye aliyempaka, na mtoto mmoja alimgonga kiwiko, basi jani moja mgongoni mwa mkono wa kulia likapinda kuelekea kidole gumba. Mchoraji mwenye akili angeiacha hina ile pale pale jikoni. Mimi nililipenda lile jani. Nikalichora lilivyo, kwenye mkono wa msichana mwenye nywele za manjano, nikijiambia kwamba Uswidi hapa nani anajua hina? Mwenye kiwanda alifurahi mno, akamweka msichana yule Januari.

Nilichosahau, kwa upumbavu wangu, ni kwamba mume wa yule shoga alikuwa fundi magari Upplands Väsby, na kalenda yangu ilitundikwa juu ya meza yake ya kazi.

Shoga alikuja Jumapili, ukurasa wa Januari umekunjwa ndani ya gazeti. Mke wangu alikuwa akimimina chai.

"Shoga, sikuja kwa ugomvi. Nataka nisikie kwako kabla sijasikia kwa watu."

Akaukunjua mezani. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni.

Mke wangu hakuutazama uchi. Alilitazama jani, kwa muda mrefu.

"Si mimi," alisema. "Hina hufanana."

"Hii niliipaka mimi, kwa mkono wangu."

"Nimesema si mimi. Mume wangu anachora sabuni." Kisha akanigeukia, akasubiri.

Maneno machache yangemsafisha: kwamba alikaa jikoni na sweta lake, kwamba nilichukua mikono tu, tena bila kumwambia naipeleka wapi. Lakini kuyasema kulikuwa kukiri mbele ya mgeni kwamba uchi ule ni kazi yangu. Nikanyamaza. Nimewahi kujitetea kwamba nilishtuka. Si kweli, nilijionea haya mwenyewe, nikamwacha yeye aaibike.

Binti yetu wa miaka mitano, ambaye siku hizo hata ukimwita kula alikujibu kwa Kiswidi, alipanda kiti akaweka kidole juu ya lile jani.

"Mammas händer!" alisema, amefurahi. Mikono ya mama.

Shoga aliondoka bila kuigusa chai. Wiki hiyo hiyo nilimfuata nyumbani kwake Farsta nikamweleza kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nakuamini, shemeji," alisema. "Lakini ungesema siku ile. Sasa wanawake wameshasema wao."

Mke wangu hakunigombeza. Ningefurahi angenigombeza. Alinipikia, alinifulia, na Jumamosi mchana alitafuta kazi nje ya jikoni.

Idd ilipofika, wanawake walikusanyika kwa yule shoga kupakana hina. Nilipeleka sinia la sambusa, nikafika zamu ya mke wangu ikiwadia. Shoga alinyoosha mkono kumpokea, kwa upole, mbele ya wote, na nikajua alikuwa anajaribu kumrudishia heshima yake. Mke wangu aliniona mlangoni. Akavuta mikono ya lile sweta la kijivu mpaka vidole vyote vikafichika.

"Mimi basi," alisema. "Nina mume anayechora."